Waandishi wa Tamthilia, Tupendekezane

Kila mwaka, tamasha za kitaifa za michezo ya kuigiza zikishafungwa mwezi Aprili, Kenya huzika michezo mizuri mingi kwa siku moja. Mabasi ya shule hurudi nyumbani na vikombe, mavazi hufungiwa stoo, na miswada huingia kwenye kabati la mwalimu isitoke tena. Mwaka unaofuata shule hutaka mchezo mpya. Mwandishi hutafutwa, mazoezi huanza, na ule wa jana husahaulika hata na waliouigiza. Kericho na Bomet tumo katika mzunguko huu kama kaunti nyingine yoyote. Tuna walimu hodari wa drama, tuna vijana wasioogopa jukwaa, na tuna watu wanaopenda kutazama. Tunachokosa ni mtu wa kusema: mchezo ule wa mwenzangu ni mzuri, uchukueni, uigizeni tena.

Kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni ya waandishi wa tamthilia wenyewe. Mchapishaji hawezi kuifanya, kwa kuwa michezo mingi mifupi haijawahi kumfikia. Wizara ya Elimu huteua tamthilia moja ya Kiswahili ya kutahiniwa katika shule za upili, na ikishateua imemaliza. Mwandishi ndiye anayesoma kazi za wenzake, ndiye anayeketi nyuma ya ukumbi akijua ni kipi kilichofanikiwa na kwa nini. Akinyamaza, hakuna mwingine atakayesema.

Wapo watakaonijibu kwamba kizuri chajiuza. Kwa tamthilia sivyo. Riwaya ikishachapishwa inaweza kukaa rafuni miaka kumi ikimsubiri msomaji wake. Mchezo usioigizwa haupo. Unahitaji watu wanne au watano wakubaliane kuutolea jioni zao, na watu hao hawawezi kukubaliana juu ya mchezo ambao hawajawahi kuusikia.

Ninasisitiza michezo mifupi, ile ya dakika ishirini hadi arobaini, kwa sababu za hapa kwetu. Anayeijua Kericho anajua kwamba asubuhi ni ya jua na alasiri ni ya mvua. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda kuelekea Mau, na kufikia saa nane au saa tisa mawingu yamefunga. Mara nyingi mvua hiyo ni ya mawe. Kumbi zetu nyingi, za makanisa, za shule na za mashamba ya chai, ni za mabati yasiyo na dari. Mawe yakianza kupiga bati, hata mwigizaji mwenye sauti ya mnada hasikiki safu ya tatu. Nimewaona waigizaji wakiganda jukwaani, mmoja ameinua sufuria, mwingine amenyoosha kidole, wakisubiri bati litulie ili sentensi imalizike. Walisubiri hadi watazamaji wakaanza kuzungumza wao kwa wao, na mchezo haukurudi tena mahali ulipokuwa. Mchezo wa nusu saa unaoanza saa saba mchana hauna shida hiyo.

Halafu kuna kazi. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na wakala wa chai, KTDA, kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros, hushinda shambani tangu alfajiri, na baadaye hukaa kwenye kituo cha kununulia majani akisubiri mizani na lori. Lori likichelewa, wanakijiji hao huwa wamekaa pamoja kwa muda mrefu bila la kufanya. Huo ni umati wa watazamaji ambao hakuna aliyeukaribisha. Mchezo wa waigizaji watatu, usiohitaji jukwaa wala taa, ungeweza kuchezwa pale pale, magunia ya majani yakiwa viti. Katika mashamba makubwa ya makampuni hali ni kama hiyo: wafanyakazi wanaoishi kwenye laini, yaani nyumba za kampuni, wana Jumapili moja tu kwa wiki, na Jumapili hiyo ina kanisa, kufua na mpira. Usiwaombe saa tatu. Waombe nusu saa.

Basi nianze mimi kupendekeza. Nitataja kazi za wenzetu ambazo ningependa kuziona hapa kabla ya nyingine zote, na nitaeleza sababu.

Wa kwanza ni Ebrahim Hussein wa Kilwa, Tanzania. Wengi wanamjua kwa Kinjeketile ya mwaka 1969, lakini kazi ninazowashauri vijana wetu wazisome ni Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka pamoja mwaka 1976. Ni michezo mifupi iliyojengwa juu ya utambaji, msimulizi mmoja akibeba sauti zote. Si mipya kwa umri, ila kwa umbo bado iko mbele ya mingi tunayoandika leo. Kwa Wakipsigis, ambao watoto wao wamelelewa kwa hadithi za chemosit, zimwi la usiku, umbo hili si geni hata kidogo. Mwigizaji mmoja, kigoda kimoja, na watazamaji wanaojua kuitikia. Kikundi kisicho na hela ya mavazi hakina kisingizio tena.

Wa pili ni Alamin Mazrui na Kilio cha Haki, iliyochapishwa mwaka 1981. Sijui tamthilia ya Kiswahili inayoihusu nchi ya chai kuliko hii, ingawa mwandishi wake ni mtu wa Mombasa. Shamba ni la mlowezi aitwaye Delamon, na wafanyakazi wanaongozwa na mwanamke, Lanina. Mapambano yako pande mbili: wafanyakazi wanapambana na mwenye shamba, na Lanina anapambana na wanaume wa upande wake wasiotaka kuongozwa na mwanamke. Mwaka 1982 serikali ilimweka Mazrui kizuizini. Hoja ya tamthilia yake bado iko hai. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho na watu waliosema zinawanyang'anya riziki. Februari mwaka huo huo BBC ilikuwa imetangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walisimulia jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao mashambani. Lanina angekuwa na mengi ya kusema katika mikutano iliyofuata. Tamthilia nzima ni ndefu kwa mchana mmoja, lakini kikundi kikiomba ruhusa ya kuigiza sehemu moja tu, ile ambamo wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe wanagombana juu ya uongozi wa mwanamke, kitakuwa na mchezo kamili na mjadala wa kutosha baada yake.

Wa tatu ni Pauline Kea na Kigogo. Maelfu ya vijana wetu waliisoma kwa ajili ya mtihani wa KCSE, wakakariri sifa za mtawala Majoka na maudhui ya uongozi mbaya. Ninawaomba wairudie bila kalamu ya mtihani. Soko la Chapakazi limefungwa kwa amri ya mtawala, na Ashua, mke wa Sudi, hana mahali pa kuuzia maembe yake. Watoto wana njaa. Anakwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada. Ofisi, meza, mwanaume mwenye mamlaka na mwanamke mwenye shida: hapo tayari kuna mchezo mfupi ambao kila mtu wa Kericho ataufahamu kabla maneno hayajaanza. Kisha mke wa mkubwa anaingia, na shida ya mwanamke mmoja inageuzwa kuwa ugomvi wa wanawake wawili. Wachumaji chai hawahitaji maelezo ya mwalimu kuielewa sehemu hiyo. Wanaijua meza ya nyapara.

Wa nne ni Timothy Arege na Bembea ya Maisha. Hapa siasa iko mbali na nyumba iko karibu. Sara ni mgonjwa wa moyo. Mumewe Yona, aliyekuwa mwalimu, amezama katika pombe, na miaka yote amekuwa akibeba masimango ya jamii kwa kupata watoto wa kike watupu. Jikoni, jirani yake Dina anamsaidia Sara kupika kwa kuwa mwili wake umechoka, na mume anakuja kutaka chakula. Hakuna anayepigwa risasi, hakuna anayepindua serikali. Kuna chungu motoni na mwanamke anayehesabu pumzi zake. Naipendekeza hasa kwa Bomet. Wilaya za zamani za Bomet na Kericho zimewazika wanaume wengi wa umri wa Yona kwa chang'aa, na hospitali ya Tenwek, inayojulikana kwa upasuaji wa moyo, imewaona akina Sara wengi wakifika wakisindikizwa na mabinti zao, wale wale waliosemekana hawafai kama wavulana. Kikundi cha akina mama wa kanisa kinaweza kuiigiza sehemu hiyo ya jikoni kwa jiko la kweli na chungu cha kweli, na padri au mchungaji asipate neno la kukataza.

Wa tano si kitabu bali ni mchezo wa tamasha: Echoes of War wa Cleophas Malala, ulioandikiwa wasichana wa shule ya Butere. Aprili 2025 ulifika tamasha za kitaifa Nakuru baada ya Mahakama Kuu kuingilia kati ili uruhusiwe. Kabla ya mchezo mwandishi alikamatwa, polisi walirusha vitoza machozi nje ya shule ambamo tamasha zilifanyika, na wasichana walipoingia ukumbini bila mwelekezi wao na bila watazamaji, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Nchi nzima ilibishana kuhusu mchezo ambao wengi hawakuwa wameuona wala kuusoma. Ninaupendekeza kwa sababu unahusu ufa kati ya wazee na kizazi kinachosema mawazo yake mitandaoni, na ufa huo umo ndani ya kila boma la huku kwetu. Asiyekubaliana nao ana haki ya kutokubaliana. Auone kwanza.

Mtu ataniuliza: mbona mwandishi ampigie mwenzake debe ilhali wote wawili wanagombea shule ile ile na ada ile ile? Jibu langu liko katika historia ya fani yenyewe. Mwaka 2013 mchezo mwingine wa Butere ulioandikwa na Malala, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku. Aliyekwenda mahakamani kuutetea ni Okiya Omtatah. Wengi wanamjua kama mwanaharakati, na sasa kama seneta wa Busia, lakini Omtatah ni mwandishi wa tamthilia. Lwanda Magere ni yake. Mahakama iliamuru mchezo uruhusiwe. Mwandishi mmoja alisimama kwa ajili ya kazi ya mwandishi mwingine, na watazamaji wakauona.

Ng'ambo nako lilitokea jambo la namna hiyo. Mwaka 1982 Samuel Beckett, tayari akiwa na Tuzo ya Nobel, aliandika mchezo mfupi sana uitwao Catastrophe na kuutabaruku kwa Václav Havel, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa gerezani Czechoslovakia. Havel alipotoka alijibu kwa mchezo mfupi wake mwenyewe. Mwaka 1989 akawa rais. Wawili hao walizungumza kwa michezo ya dakika chache, na kila aliyeuigiza mmoja alilazimika kuuliza habari za mwingine.

Na tusisahau Limuru, nchi ya chai kama yetu. Ngaahika Ndeenda ya mwaka 1977 iliandikwa na watu wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ, na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ wakaichukua kuwa yao. Serikali ikauzima mchezo mwezi Novemba, ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Mwaka 2022 mchezo ulirudi jukwaani Nairobi, katika Ukumbi wa Kitaifa. Haukurudi wenyewe. Kwa miaka arobaini na mitano kulikuwa na watu walioendelea kuutaja, kuufundisha na kuuombea nafasi.

Hofu nyingine ninayoisikia ni ya lugha na asili. Kwa nini Kapkatet ichukue mchezo wa mtu wa Kilwa au Mombasa? Kapkatet yenyewe imeshalijibu swali hilo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo uliozaliwa baada ya santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers kufika vijijini. Walilichukua jina lake wakalipa sura ya Kipsigis na kiumbe nusu mtu nusu mnyama, na leo wimbo huo ni wao kabisa, hata Marekani wanausikiliza kama wa Kericho. Jamii iliyoweza kufanya hivyo kwa santuri ya mgeni haitashindwa na Lanina wala Ashua. Tena Kiswahili si lugha ya wageni kwenye mashamba ya chai. Kwenye laini, Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya wameishi mlango kwa mlango kwa vizazi, na Kiswahili ndicho walichopatanishwa nacho baada ya machungu ya vurugu za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008. Kikundi kikitaka kuigiza kwa Kikipsigis, kiombe ruhusa ya kutafsiri. Mchezo mzuri unastahimili tafsiri.

Neno ruhusa nimelirudia kwa makusudi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwandishi mamlaka juu ya kazi yake kuigizwa hadharani. Kupendekeza mchezo wa mwenzako kusiwe njia ya kuugawa bure. Kikundi kiandike barua, mwandishi au mchapishaji ajibu, na sehemu ya kiingilio, hata kikiwa shilingi hamsini, imfikie aliyeandika. Hapo mwandishi anayehofia kupoteza ada ya tamasha atagundua kwamba mchezo ulioigizwa mara kumi vijijini unaweza kumlipa kuliko ule ulioshinda kikombe mara moja ukazikwa. Mchai huchumwa tena na tena mwaka mzima, kwa miaka mingi. Ni nani hapa angeupanda ili auchume mara moja na kuung'oa?

Pendekezo lenyewe liwe la maana. Kumwambia mtu kwamba mchezo fulani ni mzuri hakumsaidii. Mwambie mchezo una waigizaji wangapi na wangapi ni wanawake. Mwambie unachukua dakika ngapi, unahitaji vifaa gani, unapatikana wapi na nani wa kuombwa ruhusa. Mwambie ni sehemu gani itakayowaumiza watazamaji wa kwake, na usimfiche. Mwambie pia udhaifu wake: kwamba mwisho unachelewa, au kwamba mhusika fulani anahubiri mno. Mwalimu wa Sotik au kiongozi wa vijana wa Litein akipata maelezo hayo kwenye ukurasa mmoja, anaweza kuanza mazoezi wiki ijayo.

Tunavyo vya kuanzia. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko Kericho, na Bomet nayo ina chuo chake. Maktaba zao zinaweza kutenga rafu moja kwa michezo mifupi ya tamasha iliyoandikwa na watu wa eneo hili, mwandishi akiweka nakala na masharti yake. Serikali za kaunti zina bajeti za utamaduni zinazokwenda kwenye sherehe za siku moja. Kiasi kidogo tu cha fedha hizo kingetosha kugharimia nauli ya kikundi kimoja kuzunguka vituo vya majani kwa msimu mmoja. Mada tunazo pia za michezo mipya: bonasi ya wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa inayoachwa nyuma na ya wenzao wa mashariki, mashine na mikono, ukoo wa Talai waliohamishiwa Gwassi mwaka 1934 na vitukuu vyao wanaodai ardhi hadi leo. Atakayeiandika asiandike peke yake gizani. Asome kwanza wengine walivyoandika.

Ombi langu kwa waandishi wenzangu wa Kericho, Bomet na kwingineko ni moja. Kabla ya kupeleka mswada wako shuleni msimu ujao, chagua mchezo mmoja mfupi wa mwandishi mwingine aliye hai, uusome mara mbili, uandike ukurasa mmoja wa kuupendekeza, na uukabidhi mkononi mwa mwalimu au kiongozi wa kikundi pamoja na wako. Nawe mwalimu, ukipokea miswada miwili badala ya mmoja, usome wote. Nawe msomaji usiyeandika wala kufundisha, ukiulizwa kanisani au kwenye chama unataka burudani gani mwisho wa mwaka, taja jina la mchezo na jina la mwandishi wake, kisha uwe wa kwanza kulipa kiingilio.